Waridi la njano katika jiji la mawe: Uzuri usioigharimu familia afya

Kivuko kinachotoka Kamanga kinapokaribia Mwanza mjini, mawe ndiyo huonekana kwanza. Jiwe la Bismarck limesimama majini, limekaa juu ya mawe mengine kana kwamba kuna mtu aliyelipanga. Nyuma yake vilima vimejaa miamba mikubwa kama nyumba, na katikati ya miamba hiyo watu wamejenga. Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo na Kitangiri zimepanda mlima nyumba juu ya nyumba, zikifikiwa kwa vijia vyembamba na ngazi za saruji.

Mgeni anaweza kujiuliza watu wa huku wanapanda wapi maua. Jibu liko mlangoni kwao. Wanapanda kwenye ndoo iliyopasuka mpini, kopo la rangi, sufuria lililotoboka na kipande cha ardhi cha hatua nne kati ya ukuta na jiwe. Uwanja huohuo ndio jiko la mkaa linapowashwa, nguo zinapoanikwa, mchicha unapooteshwa na watoto wanapochezea.

Katika uwanja wa namna hiyo waridi dogo la njano lina nafasi yake. Aina fupi za waridi hili haziziki mita moja sana kwa urefu, hazitambai ukutani, na kila kikonyo hubeba ua moja kubwa linalotosha glasi moja ya mezani. Kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara mara nyingi huuzwa bila jina, mnunuzi akitajiwa rangi tu.

Lakini ni ua linalodai. Masika humshawishi mwenye nyumba kununua sumu ya kupulizia, na kiangazi humshawishi kumtuma mtoto ziwani kuchota maji. Vishawishi hivyo viwili vinaweza kuifikisha familia hospitalini, na vyote vinaepukika.

Udongo wa kilimani, upepo wa ziwani

Mwanza iko kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Joto lake si kali kama la pwani, na hakuna majira ya baridi ya kulilaza waridi usingizi. Mche uliotunzwa hutoa maua mwaka mzima kwa awamu, ukichanua, ukipumzika, kisha ukichanua tena baada ya wiki sita hadi nane.

Udongo wa kilimani hutokana na mawe yaliyomomonyoka. Ni kichanga chenye chembe kubwa ambacho Wasukuma hukiita luseni. Maji hupita upesi na kuondoka na rutuba. Chini mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, wenye rutuba lakini unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Waridi halipendi kufa njaa kwenye kichanga, wala kusimamisha mizizi kwenye tope.

Kwa hiyo mwenye uwanja mdogo ni bora aandae udongo wake mwenyewe. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo wa kawaida, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini inatosha mche mmoja mfupi. Juu ya udongo hutandazwa pumba za mpunga, ambazo si adimu katika mkoa wenye mashine nyingi za kukoboa. Pumba hizo huzuia udongo usikauke haraka na, kama itakavyoonekana, huzuia pia ugonjwa.

Mahali pa kuiweka ndoo hiyo pana maana kuliko mbolea. Waridi linahitaji jua la saa sita kwa siku, na jua la asubuhi ndilo bora kwa sababu hukausha umande mapema. Katika Mwanza jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, hivyo kona yenye jua mwezi mmoja inaweza kuwa kivulini miezi michache baadaye. Upande ulio wazi kuelekea mashariki hautegemei sana mabadiliko hayo. Ndoo isiegemezwe kwenye jiwe kubwa, kwani jiwe likishika joto la mchana huunguza mizizi.

Hapo ndipo mtu wa kilimani anapopata neema yake. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kupanda vilima. Upepo huo hukausha majani ya waridi kuliko dawa yoyote ya dukani inavyoweza kuyalinda. Mche uliowekwa mahali upepo unapopita, wenye nafasi ya hatua moja kutoka kwa mwenzake, umeshapata nusu ya tiba yake.

Njano ilikuja na ugonjwa wake

Anayepanda waridi jekundu na la njano pamoja hugundua mara nyingi kuwa la njano ndilo huanza kuugua. Majani hupata madoa meusi yenye kingo zilizochanika, kisha hugeuka manjano na kudondoka kuanzia chini. Baada ya wiki chache hubaki vijiti vyenye miiba.

Sababu yake iko kwenye ukoo. Mawaridi haya makubwa ya ua moja kwa kikonyo ni machotara yaliyozalishwa Ulaya katika karne ya 19, kwa kuchanganya mawaridi ya huko na mawaridi ya chai yenye asili ya China. Linalotajwa kuwa la kwanza katika kundi hilo ni 'La France', lililotolewa mwaka 1867 na Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa. Njano iliyokolea haikuwamo kwenye kundi hilo.

Mkulima mwingine wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, aliitafuta rangi hiyo kwa miaka mingi. Aliipata kutoka kwa waridi la njano la Asia Magharibi liitwalo Rosa foetida, na mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or', jina lenye maana ya jua la dhahabu. Mawaridi mengi ya njano yaliyofuata yana damu hiyo. Hata 'Peace' la Francis Meilland, waridi la njano lenye kingo za pinki lililoingia sokoni Marekani mwaka 1945 vita vikiisha na kupendwa duniani kote, limo katika ukoo huo.

Rosa foetida liliwaachia watoto wake rangi, na likawaachia pia udhaifu mbele ya fangasi wa madoa meusi. Ni kama familia zinazorithishana ngozi laini na pumu kwa pamoja. Anayelipenda la njano hulichukua na urithi wake.

Wanaonunua mawaridi ya kukata kwa ajili ya harusi huona majani safi na kudhani kuna siri. Mashamba makubwa ya maua ya Arusha, na yale ya Naivasha nchini Kenya, huyalima ndani ya vitalu nyumba vilivyofunikwa plastiki. Mvua haiyafikii majani. Uwanja wa Mabatini hauna paa hilo, na mvua za ukanda wa ziwa hunyesha sana usiku na alfajiri, wakati ambapo jani hukawia kukauka.

Masika: Chupa ya soda yenye sumu

Fangasi huyo ana udhaifu mmoja mkubwa. Mbegu zake haziwezi kuingia ndani ya jani bila jani hilo kukaa na maji kwa takribani saa saba mfululizo. Jani likikauka mapema, mbegu hufa. Kwa hiyo hatua zote za kumzuia zinahusu kulikausha jani.

Mche unyweshwe asubuhi, maji yakimiminwa shinani polepole, si kurushwa juu ya majani. Matawi yanayojazana katikati yakatwe ili mche ufunguke kama bakuli na upepo upite. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe. Jani lenye doa lichumwe siku hiyohiyo na kuchomwa au kufukiwa mbali, maana mbegu za fangasi huruka kwa matone ya mvua kutoka jani lililodondoka hadi jani zima. Pumba za mpunga zilizotandazwa shinani huyazuia matone hayo yasirushe uchafu juu.

Wengi hawasubiri hayo. Wakiona madoa, hukimbilia dawa, na aliye karibu kabisa ni muuzaji anayepima sumu ya wadudu kutoka kwenye dumu kubwa na kuitia kwenye chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo haina lebo, haina kipimo, haina maelekezo. Mara nyingi si hata dawa sahihi, kwa kuwa madoa meusi ni fangasi na alichouziwa mtu ni sumu ya kuua wadudu. Ni sawa na kumeza dawa ya minyoo ukitibu mafua.

Kinachofuata ndicho kinachotisha. Katika uwanja wa hatua nne hakuna umbali salama. Anayepulizia waridi hupulizia pia mchicha ulio kwenye kopo la pili, shuka lililoanikwa, sufuria lililofunuliwa na mtoto anayetambaa. Chupa ikibaki na sumu kidogo huwekwa dirishani au chini ya kitanda, ikiwa na sura ileile ya soda ambayo mtoto ameizoea.

Baadhi ya sumu za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Aliyeathirika hutokwa na jasho na mate mengi, huumwa kichwa, hutapika, mboni za macho husinyaa na kupumua kukawa kwa shida. Hatua ya kwanza ni kumtoa kwenye sumu, kumvua nguo zilizolowa na kumwosha ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha kumwahisha hospitali pamoja na chombo cha sumu hiyo ili daktari ajue anatibu nini. Asilazimishwe kutapika. Maziwa, ambayo familia nyingi huyategemea, si dawa ya sumu na hayapaswi kuchelewesha safari.

Vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaojazana kwenye vichipukizi, wala hawahitaji sumu. Huondolewa kwa vidole, kwa maji ya nguvu asubuhi, au kwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji. Anayeona lazima atumie kiuatilifu anunue chenye lebo, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ajiulize kwanza kama ua moja la mezani linastahili kazi hiyo.

Njia nyingine ya kushinda masika ni kupanga ratiba. Mvua kubwa zikiisha, mwishoni mwa Mei au mapema Juni, mche upogolewe karibu theluthi moja ya urefu wake na majani yote yenye madoa yaondolewe. Vichipukizi vipya hutoka wakati hewa imekauka, na maua ya Julai na Agosti huja juu ya majani safi. Huo ndio msimu mzuri wa waridi la njano Mwanza, lakini ndio pia msimu wa shida ya maji.

Kiangazi: Maji yatoke wapi?

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Mwanza imekaa mdomoni mwake. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi juu ya kilima, bomba linapokauka, ziwa linaloonekana dirishani liko mbali. Waridi kwenye ndoo hutaka lita 2 hadi 3 kila siku moja au mbili wakati wa jua kali. Kwa wanaokaa karibu na ufukwe, upande wa Luchelele, Igombe au Kayenze, jawabu jepesi ni kumpa mtoto ndoo.

Mtoto huyo huingia majini hadi magotini ili achote mahali penye maji safi, na hapo ndipo kichocho kinapompata. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaobeba vimelea vyake. Vimelea hivyo hutoka kwenye konokono, huogelea na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache bila maumivu yoyote ya maana. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea kandokando ya ziwa hili, huleta maumivu ya tumbo na choo chenye damu. Kikiachwa miaka huharibu ini, huvimbisha bandama, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kimekitafiti kwa miongo mingi.

Tiba ipo. Prazikwanteli hutolewa hospitalini na katika kampeni za kingatiba mashuleni. Tatizo ni kwamba dawa hiyo haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto aliyetibiwa Jumatatu akirudi majini Jumanne anaweza kuupata ugonjwa upya.

Kwa hiyo waridi linyweshwe maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine ndani ya nyumba. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanafaa moja kwa moja. Maji ya kusuuzia vyombo au nguo yenye sabuni kidogo hayadhuru, ila yasiwe na chumvi, mafuta wala dawa ya kung'arisha nguo. Familia ya watu watano inayopika mara mbili kwa siku haishindwi kupata lita 3 za namna hiyo. Ndoo iwekwe karibu na karo, na kila anayeosha kitu ajue inapokwenda.

Asiyekuwa na njia isipokuwa maji ya ziwa, mchotaji awe mtu mzima aliyevaa mabuti ya mpira, asiingie majini zaidi ya anavyolazimika, na aepuke saa za kuelekea mchana, wakati vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi. Maji yachujwe kwa kitambaa ili konokono wasiingie, kisha yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili. Vimelea visipopata mwili wa mtu hufa ndani ya muda huo, na maji yanaweza kushikwa bila hofu. Kifuniko kina kazi ya pili ya kuwanyima mbu mahali pa kutaga. Kwa sababu hiyohiyo, sahani inayokinga maji chini ya ndoo ya maua imwagwe kila wiki, maana Kanda ya Ziwa bado ina malaria nyingi.

Kuna wanaofuata magugu maji ufukweni ili wayatandaze shinani. Magugu hayo, yaliyovamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yanaweza kweli kuwa mboji. Lakini konokono hupenda kujishikiza kwenye mizizi yake, na anayeyavuta husimama ndani ya maji yaleyale. Pumba za mpunga hufanya kazi hiyo bila kumlowesha mtu.

Tawi kwa jirani

Mawaridi ya vilimani husambaa kwa kuombana. Binti husimama kwenye ngazi asubuhi, "Shikamoo mama, naomba unikatie tawi," na mwenye ua hujibu marahaba na kumwahidi jioni. Tawi linalofaa ni lile lililokwisha kuchanua, lenye unene na urefu wa penseli na macho manne. Hukatwa chini kidogo ya jicho, macho mawili yakafukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, na juu yake ikafunikwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Likiwekwa kivulini huweza kutoa mizizi ndani ya wiki nne hadi nane. Si kila tawi hushika, hivyo ni vyema kukata matatu.

Anayetoa tawi ang'oe kwanza majani yote yenye madoa, asije akampa jirani ugonjwa pamoja na ua. Anayepokea avae glavu au ashike kwa kitambaa. Mwiba uliopita kwenye udongo wenye samadi unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, na asiyekumbuka chanjo yake ya mwisho afike kituo cha afya.

Mche uliopogolewa Juni huanza kuonyesha vichwa vya njano mwishoni mwa Julai. Ua hukatwa asubuhi likiwa nusu limefunguka, juu kidogo ya jani lenye vipande vitano, mahali ambapo kichipukizi kipya kitatokea. Likiwekwa kwenye glasi ya maji masafi hukaa siku kadhaa mezani. Na kwa kuwa halikupuliziwa kitu, mtoto wa nyumba hiyo anaweza kulivuta karibu, akalinusa na hata kulitafuna ukingo, mama yake asishtuke.